Mbwa Akilamba Miguu: Tutibu Vidole, Tutibu na Sakafu



Kwenye kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, kuku, kahawa na matangi ya maji. Mara hii tunazungumza juu ya mbwa. Wengine watacheka na kusema, "Ah, mbwa naye ana shida gani?" Lakini tufikirini kidogo. Hapa kwetu Thika na Ruiru, ni boma ngapi hazina mbwa? Yeye ndiye analala nje usiku mvua ikinyesha. Yeye ndiye anabweka mtu akikaribia zizi. Tena mbwa huyo huyo ndiye analala mchana mlangoni mwa jikoni, pale pale watoto wanapocheza bila viatu. Kwa hiyo kinachomla mbwa miguuni chaweza kumla mtoto pia.

Shida tunayozungumzia mnaijua. Mbwa anakaa chini na kulamba mguu mmoja, saa nzima. Ukimwangalia, ngozi ya katikati ya vidole imekuwa nyekundu, imevimba, pengine inatoa maji au usaha. Baada ya siku chache anachechemea. Mwenye mbwa anachukua dawa yoyote iliyo karibu na kumwagia. Kidonda kinapona kidogo, halafu kinarudi.

Kwa nini kinarudi? Neno letu la leo ni hili: kidonda cha katikati ya vidole ni dalili tu. Mara nyingi chanzo chake kiko mahali mbwa anapokanyaga na anapolala. Ukitibu mguu ukaacha sakafu ilivyo, umefanya nusu ya kazi.

KWA NINI HAPO KATIKATI YA VIDOLE?

Ngozi ya hapo ni nyembamba na laini, si kama ile nyama nene nyeusi ambayo mbwa anakanyagia. Ina nywele fupi zinazoshika matope. Hewa haipiti vizuri. Mbwa pia hutoa jasho kwenye nyayo, wala si mwili mzima kama sisi. Basi pakiingia unyevu, haukauki haraka.

Ngozi ikilowa kwa muda mrefu inalainika, kama vile vidole vya mama aliyefua nguo siku nzima. Bakteria na fangasi wanapata njia. Panaanza kuwasha, na mbwa analamba. Mate yanaongeza unyevu, mwasho unazidi, naye anazidi kulamba. Ni duara lisilo na mwisho mpaka mtu alikate. Mbwa mwenye nywele nyeupe akilamba sana, nywele za miguuni hugeuka rangi ya kutu. Hiyo ni alama ya kukuonyesha kwamba jambo hili lina siku nyingi.

VYANZO TUNAVYOVIONA HUKU KWETU

1. Matope na unyevu. Wakati wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, na mvua fupi, Oktoba hadi Desemba, mbwa anashinda miguu imelowa. Ule udongo mweusi wa Juja na sehemu za chini za Ruiru na Thika unanata vidoleni, halafu jua likitoka unakauka na kuwa donge gumu linalosugua ngozi kila hatua.

2. Vitu vya kuchoma. Kuna miiba, mbegu za kishona nguo, na mbegu za nyasi zenye ncha kama mshale. Mbegu hizi ni mbaya kwa sababu zinaenda mbele tu, hazirudi nyuma. Zaweza kupenya ngozi na kupotelea ndani ya mguu. Karibu na machimbo ya mawe kuna vipande vikali vya mawe, na kwenye ploti za mjini kuna chupa zilizovunjika na vipande vya waya.

3. Kupe. Wanapenda masikio, shingo, na hapo hapo katikati ya vidole. Kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia huleta magonjwa ya damu. Mmoja wa magonjwa hayo, ambao humfanya mbwa atoke damu puani, ulijulikana sana hapa Kenya hata madaktari wakauita kwa jina la Nairobi.

4. Funza. Huyu tutamzungumzia peke yake hapo chini.

5. Minyoo ya safura. Mbwa akilala kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, watoto wa minyoo hupenya ngozi ya miguu. Miguu inavimba na kuwa mekundu. Minyoo hiyo ya mbwa yaweza pia kupenya ngozi ya binadamu na kuacha mstari mwekundu unaotambaa na kuwasha sana.

6. Upele. Kuna wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho. Aina moja hukaa ndani ya vinyweleo, huonekana sana kwa watoto wa mbwa, na hung'oa nywele usoni na miguuni. Aina nyingine huwasha mwili wote na yaweza kuambukiza watu wa nyumba.

7. Mzio, yaani alaji. Kuna mbwa ambao mwili wao haupatani na viroboto, vumbi la maua au chakula fulani. Hawa hulamba miguu yote minne, wala si mmoja tu.

Hapo mmepata njia nzuri ya kutofautisha. Mguu mmoja ukiuma, tafuta mwiba, kupe, mbegu au jeraha. Miguu miwili au yote ikiuma, fikiria matope, funza, minyoo, upele au alaji.

KABLA YA KUMSHIKA

Hata mbwa mpole, aliyemlea mtoto wako, huuma akiguswa mahali panapouma. Kwa hiyo tusianze na mguu, tuanze na kinywa.

Kwanza simama umwangalie kwa mbali. Je, tabia yake imebadilika ghafla? Sauti yake imekuwa ngeni? Anatokwa na mate mengi na hawezi kumeza? Anauma vitu bila sababu, au anauma mguu wake mwenyewe kwa ukali? Mbwa mwenye kichaa mara nyingine huuma na kulamba mahali alipoumwa na mbwa mwingine, kwa sababu panamwasha. Ukiona dalili hizo usimguse, wala usimwache mtoto amkaribie. Mfungie ndani kama waweza kufanya hivyo kwa usalama, upige simu kwa ofisi ya mifugo mara moja.

Kama hakuna dalili hizo, mtu anayemjua mbwa amshike. Chukua kipande kirefu cha leso kuukuu au bendeji. Fanya kitanzi, kipitishe juu ya pua, kaza kiasi, vuka chini ya kidevu, halafu funga nyuma ya masikio. Usimwache hivyo kwa muda mrefu, hasa kukiwa na jua kali, kwa sababu mbwa hupumua kwa mdomo ili apoe. Mbwa anayetapika au anayehema kwa shida asifungwe kabisa.

Mtoto asipewe kazi hii, hata kama mbwa ni wake.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na meno, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Asingoje kuona mbwa atafanya nini. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

MATIBABU YA NYUMBANI

Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi inameni. Pateni mwanga wa kutosha, mfungueni kila kidole, juu na chini, na mwangalie pia chini ya kucha.

Kwanza, toa kilichomo. Mwiba au mbegu inayoonekana itolewe kwa kibano safi. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa. Usimpasue kwa vidole. Mtumbukize kwenye maji yenye sabuni nyingi au kwenye spiriti. Kama mwiba umezama huuoni, usichimbe. Hiyo ni kazi ya daktari.

Pili, osha. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kwa kila nusu lita ya maji tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko cha kusawazisha, si cha mlima. Tumbukiza mguu ndani ya karai kwa dakika tano. Matope makavu usiyavute, yaache yalainike. Kama mna dawa ya iodini ya vidonda, mwaweza kuitumia badala ya chumvi: itieni kwenye maji safi mpaka rangi ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa.

Tatu, kausha. Hapa ndipo watu wengi wanashindwa. Wanaosha vizuri halafu wanamwachilia mbwa aende na miguu mibichi. Chukua kitambaa safi na ukaushe kila nafasi ya kidole, ukibonyeza bila kusugua. Kukausha ni nusu ya dawa. Kama nywele za hapo ni ndefu, zipunguze kwa makasi yenye ncha butu.

Nne, zuia kulamba. Usipozuia ulimi, hakuna dawa itakayofanya kazi. Ndoo ndogo ya plastiki iliyotoboka yaweza kukatwa kitako, kingo zikasawazishwa au kuzungushiwa kitambaa, akavishwa shingoni kama kola. Hakikisha anapumua vizuri, na kwamba anaweza kunywa maji na kula. Au mvishe soksi safi na uifunge juu kwa utepe wa kitambaa, bila kukaza. Usifunge kwa mpira. Mpira hukata damu, na mguu waweza kuoza. Soksi ikilowa, ibadilishe hapo hapo.

Tano, rudia asubuhi na jioni kwa siku tano. Wakati huo mbwa alale mahali pakavu, asiingie matopeni. Andikeni kwenye daftari jinsi mguu ulivyo kila siku. Kama umepungua wekundu na uvimbe siku ya tatu, endeleeni. Kama hakuna mabadiliko au pamezidi, msingoje siku ya tano.

TUACHE MAMBO HAYA

Oili chafu ya gari. Hii inatumika sana, na inadhuru sana. Inachoma ngozi iliyo wazi, na mbwa akiilamba inaingia tumboni na sumu zake zote.

Mafuta ya taa, maji ya betri, na jiki. Vyote vinaunguza nyama hai. Kidonda kinakuwa kikubwa kuliko mwanzo.

Dawa ya dipu ya ng'ombe bila kipimo. Dawa ya kupe inayomfaa ng'ombe si lazima imfae mbwa, na kuna nyingine zinaua watoto wa mbwa na paka haraka sana. Mbwa hujilamba, ng'ombe hawezi kufikia mwili wake wote. Ukiona mbwa aliyepakwa dawa anatokwa mate, anatetemeka au anayumbayumba, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, huku ukijikinga mikono, na mpeleke kwa daktari na chupa ya dawa hiyo.

Vidonge vya watu. Usimpe mbwa parasetamoli, ibuprofeni wala diklofenaki. Zaweza kuharibu ini, tumbo na figo zake, hata kumwua. Vilevile usimpe nusu ya antibiotiki iliyobaki nyumbani. Dawa nusu haiponyi. Inafundisha vijidudu kushindana na dawa.

FUNZA: MBWA, NGURUWE NA MTOTO

Funza hakuanza kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilimleta Ambriz, pwani ya Angola, ndani ya mchanga uliowekwa chini ya meli ili isiyumbe. Kutoka hapo alisafiri miguuni mwa wapagazi, askari na wafanya biashara, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara zima akafika Afrika Mashariki. Kwa hiyo tusikubali maneno ya kwamba funza ni laana ya ukoo fulani au uchawi. Ni mdudu. Ana njia aliyojia, na ana njia ya kumwondoa.

Huyu ni aina ya kiroboto, mdogo kiasi cha milimita moja. Jike hupenya ngozi laini, akaacha tundu dogo la kupumulia na kutolea mayai. Ndani ya wiki mbili anavimba, aweza kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Mayai yanaanguka chini mbwa anapotembea. Yanaanguliwa kwenye vumbi lililo huru, na baada ya wiki tatu au nne funza wapya wako tayari kuruka. Hawaruki mbali. Ndiyo maana wanakamata miguu.

Kwa mbwa utaona vijivimbe vya duara vyenye nukta nyeusi katikati, kwenye vidole, kando ya kucha na kwenye nyayo. Wanasayansi waliochunguza vijiji vya wilaya ya Bugiri, Uganda, walichapisha matokeo yao mwaka 2015. Waliona kwamba nguruwe walikuwa na funza wengi kuliko wanyama wengine, lakini mbwa, mbuzi na paka pia walikuwa nao, na mahali wanyama walipokuwa na funza wengi, watu nao walikuwa nao zaidi. Mafundisho yake kwetu ni wazi. Ukimtoa mtoto funza leo, na mbwa anaendelea kumwaga mayai mlangoni, baada ya mwezi mtoto amerudi pale pale.

Funza wachache kwa mbwa wanaweza kutolewa nyumbani. Funga mdomo, osha mguu kwa sabuni. Vaa glavu au mifuko safi ya plastiki. Tumia sindano iliyochemshwa dakika 20. Panua tundu kidogo, mtoe mzima bila kumpasua, kisha osha na upake iodini. Choma funza motoni. Sindano ya mbwa isiguse mtu, na sindano ya mtu mmoja isitumike kwa mwingine. Njia hiyo hupitisha magonjwa ya damu, na vidonda vya funza huingiza pepopunda kwa watu.

Funza wakiwa wengi, usimchokonoe mbwa mguu mzima. Daktari wa mifugo anazo dawa. Kwa watoto wenye funza nendeni kwenye zahanati. Siku hizi kuna mafuta mepesi ya dimetikoni ambayo humziba funza asipumue, bila sindano. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba baada ya siku saba mafuta hayo yalikuwa yameua funza 78 kati ya kila 100, na maji ya zambarau ya permanganeti 39 tu kati ya 100.

SASA TUTIBU SAKAFU

Funza, kupe na minyoo wote wana maisha yao nje ya mbwa. Kupe wa mbwa hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za kibanda na ukuta. Funza anataka vumbi. Minyoo inataka unyevu na kinyesi. Basi fanyeni hivi:

– Mwinueni mbwa kutoka ardhini. Mbao chache juu ya mawe manne, na paa la mabati kuukuu, zatosha. Maji yapite chini, hewa ipite.

– Gunia la kulalia lianikwe juani, na lifuliwe kwa maji moto kila wiki. Likiwa limejaa kupe, lichomwe.

– Kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa mbali na mboga na mahali pa watoto.

– Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kidogo ili vumbi lisiruke, ifagiwe kila siku, na nyufa zikandikwe. Endeleeni kwa zaidi ya mwezi mmoja, kwa sababu mayai ya leo ni funza wa mwezi ujao. Sakafu ya saruji ndiyo dawa ya kudumu.

– Dawa ya kunyunyizia nyumba itolewe kwa ushauri wa afisa wa afya ya umma. Si kila dawa ya shambani inafaa chumba ambamo mtoto analala.

– Mbwa apewe dawa ya minyoo na dawa ya kupe iliyo ya mbwa, kwa kipimo cha uzito wake.

MWITE DAKTARI UKIONA HAYA

Mbwa hakanyagi mguu kabisa. Uvimbe unapanda juu ya mguu. Amekataa chakula au ana homa. Kuna tundu linalotoa usaha, linafunga na kufunguka tena. Kuna majipu ya rangi ya zambarau katikati ya vidole: haya yamekwenda ndani sana, na mara nyingi yanataka antibiotiki kwa wiki nyingi. Nywele zimeng'oka kwa mabaka. Au mbwa mzee amevimba kidole kimoja bila kupona: hicho chaweza kuwa uvimbe wa hatari.

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo sisi wa Thika na Ruiru tunaanzia ofisi za mifugo za kaunti ndogo zetu, chini ya Kaunti ya Kiambu. Sheria ya mwaka 2011 inataka madaktari wa mifugo na wasaidizi wao waandikishwe na Bodi ya Mifugo ya Kenya. Mtu akija na mkoba wa dawa, muulizeni cheti chake kwa heshima. Mtaalamu wa kweli hakasiriki akiulizwa. Muuza duka la dawa ni rafiki, lakini hajaona mguu wa mbwa wako.

KAZI YA KIKUNDI

Mtu mmoja peke yake ataona gharama ni kubwa. Kikundi kinaweza.

Moja, wekeni kasha la kikundi: kibano, makasi butu, glavu, iodini, bendeji, chumvi, sabuni, na karai moja lililoandikwa "la mbwa tu". Mtu mmoja alitunze na aandike nani amechukua nini.

Mbili, geuzeni mzunguko mmoja wa chama chenu uwe wa sakafu. Vikundi vingi vinanunuliana sufuria na blanketi. Basi duru hii iwe ya saruji na mchanga. Anzeni na nyumba yenye watoto wenye funza, wala msiwaaibishe wenyewe. Vijana watoe nguvu za mikono.

Tatu, iteni siku moja ya chanjo. Hapa Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi, na bado kinaua watu wetu. Serikali ina mpango wa kukimaliza kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Kinachotakiwa ni kwamba angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe, kila mwaka. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu. Daktari akiitwa na kikundi kizima, safari yake ni moja. Siku hiyo hiyo kila mbwa aangaliwe miguu yake.

Nne, mhudumu wa afya ya jamii na afisa wa mifugo waje siku moja. Mmoja aangalie miguu ya watoto, mwingine miguu ya mbwa. Wakija siku tofauti, funza anahama tu kutoka huku kwenda kule.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Katika boma zetu, mbwa wanalala wapi? Mahali hapo pana vumbi, maji au nyufa?

2. Ni dawa gani tumekuwa tukimwagia mbwa vidonda? Kati ya hizo, zipi tunaacha leo?

3. Ni nyumba ngapi za kikundi zina sakafu ya udongo? Mifuko mingapi ya saruji ingetosha nyumba ya kwanza?

4. Ni mbwa wangapi kwetu waliochanjwa mwaka huu? Nani atakwenda kumwona daktari wa mifugo, na lini?

Kila mmoja akirudi nyumbani jioni hii, kabla giza halijaingia, amfunge mbwa wake mdomo kwa leso na kumwangalia miguu yote minne. Kisha awaangalie watoto. Mkutano ujao mtuletee hesabu.